Chambo cha Nyuma ya Bafu la Bi Chausiku

Jina langu ni Abdulaziz Sadala. Si Abdul, si Aziz, wala si Dula. Mwalimu wetu wa shule ya kati alituchapa viganja kwa kuandika jina la mtu nusu nusu, na somo lile lilinikaa. Hapa Kwedizinga watu huniita Mzee Sadala, na watoto wangu huniita baba. Jina la Abdulaziz, kwa ukamilifu wake, lilikuwa limebaki kinywani mwa mtu mmoja tu, mke wangu Mwaija. Kwa miaka hamsini na mmoja aliniita hivyo, hata akiwa na hasira.

Mtu mwingine aliyekuwa na jina lake la kuniita ni jirani yetu, marehemu Bi Chausiku. Yeye aliniita Dulazi tangu nachunga mbuzi wa baba. Nikikunja uso, hucheka. Nilipofika miaka sabini na tisa bado nilikuwa Dulazi kwake, na bado nilikunja uso.

Haya yalitokea mwezi wa Septemba, mwaka juzi, wakati wa ukame.

Mwaija alikuwa ametoka hospitali ya Korogwe, alikolazwa kwa homa ya mapafu. Alirudi nyumbani mwepesi kama kapu tupu. Siku tisa, kuanzia kule wodini, hakutia kitu mdomoni ila vijiko vya maji ya uji. Nesi alinieleza waziwazi siku ya kuruhusiwa: "Mzee, dawa imemaliza kazi yake. Iliyobaki ni chakula. Asipokula wiki hii, tutampoteza."

Binti yetu wa mwisho, Munira, alikuja kutoka Segera kumuuguza. Alijaribu ndizi, akajaribu mtori, akajaribu maziwa. Mama yake aligeuzia vyote uso. Kisha Jumanne, baada ya sala ya alasiri, Mwaija alifumbua macho akanitazama.

"Abdulaziz," alisema. "Labda supu ya yule samaki wako."

Nikachukua jembe dogo na kopo, nikatoka kutafuta chambo.

Lazima nieleze kuhusu huyo samaki. Mwaka 1960 nilikuwa karani msaidizi katika shamba la mkonge, na mpima ardhi wa shamba aliitwa Bwana Ansell. Alikuwa mtu mpweke. Alileta vifaranga vya samaki kutoka Kenya ndani ya makopo ya maziwa, akavimwaga katika bwawa la Kwedinguzo kwa ajili ya kujifurahisha tu. Aliwaita besi. Ni samaki wa kijani kibichi, wenye mstari mweusi ubavuni na kinywa kikubwa kuliko haki yao. Shamba lilikufa, Bwana Ansell akaondoka, samaki wakabaki. Wavuvi wa nyavu hawawapati, kwa sababu besi hukaa kati ya nguzo za daraja la zamani la toroli, lililozama bwawa lilipojazwa, na nyavu hunasa pale zikachanika. Kwa hiyo wamekuwa wangu. Ninavua kwa fimbo ya mwanzi ya vipande viwili na rili ya shaba, zote za Bwana Ansell.

Chambo cha besi ni nyungunyungu, ile minyoo ya ardhini, na nyungunyungu hutaka unyevu. Septemba ile Handeni nzima ilikuwa ngumu kama tofali. Nilizunguka migombani, nikazunguka kisimani, nikachimba kwenye zizi la mbuzi. Sikupata hata mmoja.

Kisha nikakumbuka bafu la Bi Chausiku.

Alikuwa amefariki siku kumi na moja kabla. Sikumzika. Siku ya maziko nilikuwa Korogwe, nimeketi kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake. Tuliporudi, wanawe walikuwa wameshafunga nyumba kwa kufuli na kurudi Muheza. Nilijua nyuma ya bafu lake kuna mahali maji ya kuogea hutokea, na niliona si vibaya kuchukua minyoo michache kwa jirani.

Mahali hapo palikuwa na duara la udongo laini, upana wa beseni. Juu yake mtu alikuwa ameweka tawi la mgunga lenye miiba, na mawe matatu kulikandamiza. Nilidhani ni kuzuia kuku.

Nikayasogeza mawe. Nikaliweka tawi pembeni.

Udongo ulikuwa na maji. Hilo lilipaswa kunizindua, kwani hakuna mtu aliyeoga pale kwa siku kumi na moja. Sikuzinduka. Nilikuwa na haraka. Jembe liliingia bila kusukumwa, na bonge la kwanza lilipogeuka, walikuwamo.

Walikuwa wanene kama kidole cha mtoto, na walikuwa weupe. Nyungunyungu ni mwekundu. Hawa walikuwa na weupe wa ngozi iliyokaa majini. Na nyungunyungu ukimfukua hujikunja na kukimbilia gizani. Hawa walitulia kiganjani mwangu. Mmoja aliinua ncha yake akapapasa kidole changu, taratibu... kama anayetafuta kitu.

Na walinuka kafuri.

Nilinusa mara mbili. Ilikuwa kafuri. Nikajiambia, bibi kizee huweka kafuri kwenye sanduku la nguo, nguo hufuliwa, maji humwagwa. Nilijaza kopo, nikafuta mikono kwenye msuli, nikashika njia ya bwawani.

Kwedinguzo ni mwendo wa dakika ishirini na tano. Nilimkuta Tiampati akinywesha ng'ombe. Tiampati ni mfugaji wa Kimaasai, jirani yangu wa bwawani kwa miaka mingi, na kama wazee wengi wa kwao, hali samaki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Tiampati. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Na nyoka wako?"

"Si nyoka. Ni samaki."

"Ana miguu?"

"Hana."

"Anateleza?"

"Anateleza."

"Hana miguu, anateleza, anakula vyura." Akatema mate pembeni. "Mzee, huyo ni nyoka aliyenenepa. Mpe mama maziwa."

"Maziwa ameyakataa."

Akaacha mzaha. "Basi Mungu akupe nyoka mkubwa," alisema, akawapigia mluzi ng'ombe wake.

Besi huvuliwa saa moja kabla ya magharibi, maji yanapoanza kupoa na kivuli cha nguzo kurefuka. Usisimame jua likiwa mgongoni, maana kivuli chako kitatangulia. Usifunge chubwi, acha mnyoo azame kwa uzito wake mwenyewe. Mtoboe mara moja tu, katikati ya mwili, ili ncha zote mbili zicheze. Tupa mbele ya nguzo, kisha rudisha polepole mpaka mnyoo apite ubavuni mwake. Fundo la ndoano lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, la sivyo mshipi hujikata wenyewe.

Nililowanisha fundo. Ulimi wangu ulikufa ganzi, na ladha ya kafuri ilinishukia kooni. Nikatema, nikatema tena. Haikutoka.

Kisha kuna kanuni ya kuhesabu kumi. Besi hugusa, hupima, halafu humeza. Mshipi ukianza kwenda upande, usivute. Hesabu. Bwana Ansell alikuwa akihesabu kwa sauti, kidole hewani. Ukivuta kabla ya kumi, unamkosa. Ukichelewa baada ya kumi, ndoano imefika tumboni na huwezi tena kumwachia hata ukitaka.

Nilitupa kwenye nguzo ya tano. Mshipi ukaenda upande hata kabla sijafunga rili. Nikahesabu kumi. Nikavuta.

Hakupigana. Besi huruka, hutikisa kichwa, hutema maji. Ndiyo starehe yenyewe ya kumvua. Huyu alikuja kama kiatu kilichojaa matope, kinywa wazi. Alikuwa na kilo mbili hivi.

Besi hashikwi tumboni. Unamtia kidole gumba kinywani na kumbana mdomo wa chini, naye hulegea. Ndani mnakwaruza kama msasa, na ni baridi siku zote.

Kinywa cha yule kilikuwa na joto.

Na laini... kama ufizi wa mtu asiye na meno. Kilifunga juu ya kidole changu.

Kikanyonya.

Nilimbwaga kwenye majani na kumpiga kichwa kwa jiwe mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nikampasua. Matumbo yalitoka yakiwa meupe, hayana damu, na ndani ya mfuko wa tumbo, kati ya ute wa kijivu, kulikuwa na vipande viwili vya pamba. Vilikuwa vimesokotwa vizuri, kila kimoja ukubwa wa kunde.

Aliyewahi kukaa karibu na maiti anajua pamba ya namna hiyo huwekwa wapi.

Mimi nimekaa karibu na maiti nyingi. Nilijua. Sitaki msomaji anihurumie kwa kudhani sikujua. Lakini Mwaija alikuwa na siku tisa bila chakula, jua lilikuwa linazama, na samaki alikuwa mmoja. Nilitupa pamba majini, nikasugua mikono kwa mchanga, nikatia samaki kikapuni.

Munira alimpika kwa ndimu na tangawizi. Alifunua sufuria, akarudi nyuma.

"Baba, mbona huyu ananuka kama sanduku la nguo?"

"Ongeza ndimu," nilisema.

Mwaija aliketi mwenyewe. Alishika bakuli kwa mikono miwili na kunywa bila kupumua, akaomba la pili. Kisha akachukua kichwa. Katika maisha yetu yote Mwaija hakuwahi kula kichwa cha samaki. Alisema hawezi kula kitu kinachomtazama. Usiku ule alikitia kinywani, akanyonya jicho moja, akalitafuna, akanyonya la pili. Mafuta yalimtiririka hadi kidevuni, akayafuata kwa ulimi. Munira alilia kwa furaha. Mimi nilitoka nje na kutapika nyuma ya banda la kuni, kimya, ili wasisikie.

Tulipolala, pumzi yake ilinuka kafuri.

Asubuhi nilimkuta akifagia uwanja. Munira alimkumbatia, akacheka, akaondoka kurudi Segera kwenye meza yake ya machungwa. Mama yake alikataa chai. Alikataa uji. "Nataka wa jana," alisema, na kila baada ya muda alisema tena, "Nataka wa jana." Kutwa nzima aliketi mlangoni akitazama njia ya bwawani, akimeza mate. Nilisikia koo lake likimeza. Siku nzima hakuniita kwa jina. Hilo nimeliona baadaye.

Alasiri nilirudi nyuma ya bafu la Bi Chausiku.

Mtu alikuwa ameyarudisha mawe. Matatu, mahali pake pale pale, na tawi la miiba chini yake. Nikasema ni watoto, ingawa hakuna mtoto anayecheza na miiba. Niliyasogeza tena. Safari hii jembe halikuhitajika. Niliingiza mkono hadi kiwiko. Udongo ulikuwa vuguvugu, na walikuja wenyewe, wakajizungusha kwenye vidole vyangu. Nilijaza makopo mawili. Moja nililiacha nyumbani chini ya kigoda cha mtungi wa maji, mahali penye ubaridi. Bwana Ansell alinifundisha kutobeba chambo chote kwa siku moja.

Bwawani ng'ombe wa Tiampati walikuwa wamesimama mbali na maji, shingo zimenyooka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Wamekataa," Tiampati alisema. Hakunisalimu. "Tangu saa tisa. Wana kiu na wamekataa."

"Kwa nini?"

"Nusa."

Sikunusa.

"Maji yananuka kama siku mnapozika, ninyi Waislamu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuja kwa mazishi ya yule bibi. Ni harufu ile ile. Rudi nyumbani, mzee."

"Mke wangu anataka kula."

Alinitazama mikono. Kisha akawageuza ng'ombe wake, wakaondoka upande wa Kang'ata wakiwa na kiu yao. Nikabaki peke yangu.

Nikamtoboa mnyoo katikati. Hakutoa tope, kama wanavyotoa wengine. Alitoa maji safi.

Nguzo ya tano.

Mshipi ukaenda upande.

Moja. Mbili. Tatu... Hakukuwa na upepo. Vyura walikuwa wamenyamaza. Saba. Nane. Tisa.

Kumi.

Nilivuta, na kitu kikaja. Kilikuwa kizito, na hakikuja kwa kuvutwa. Kilikuja kwa hatua. Nilihisi kila hatua kwenye kiganja. Kisha mshipi ukalegea, na kati ya nguzo ya nne na ya tano, mahali ambapo maji yana kina cha watu watatu, palisimama mwanamke.

Maji yalimfika kifuani. Alikuwa amenipa mgongo. Nywele zake za mvi zilikuwa wazi, zimeshikana na mwani, na ute ulining'inia kutoka kwenye nyuzi zake kama makamasi. Mshipi wangu ulipita juu ya bega lake, ukapinda mbele, ukaingia usawa wa kinywa.

Alizungumza bila kugeuka. Sauti ilikuwa imejaa maji.

"Abdulaziz..."

Nikaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Abdulaziz. Usimlishe."

"Nani?" nilinong'ona. "Nisimlishe nani?"

"Akila..." Kitu kilibubujika kooni mwake. "Akila, mimi napungua."

Bega lake lilianza kugeuka. Niliona pembe ya shavu, jeupe, lenye mikunjo ya kitu kilicholowa siku nyingi. Niliona mdomo wa chini umevutwa na ndoano. Chukizo likanishika, chukizo kuliko hofu. Sikutaka kuuona uso ule, sikutaka uwe umenigusa hata kwa uzi.

Nikachomoa kisu.

Nikakata mshipi.

Alizama bila kishindo. Nilikusanya fimbo yangu na kuondoka mbio, na mtu wa miaka sabini na tisa akikimbia, basi jueni.

Nusu ya njia nilikutana na Mwanaisha, tochi mkononi, akienda kwetu kumjulia hali mgonjwa. Mwanaisha ndiye anayeosha maiti za wanawake hapa kwetu.

"Shikamoo, Mzee Sadala. Mbona unahema?" Aliposogea karibu, akasimama. Aliinua tochi kwenye mikono yangu. "Mzee. Umemwosha nani?"

"Sijamwosha mtu."

"Mikono yako inanuka kafuri. Kazi yangu hii, miaka thelathini. Siwezi kuikosea."

"Nimechimba chambo tu."

"Wapi?"

Nilimwambia. Mwanaisha aliketi chini pale pale, vumbini.

"Subhanallah," alisema. "Hukuyaona mawe? Hukuiona miiba?"

"Niliona. Nilidhani ni kuzuia kuku."

"Ni ufuo, mzee! Ni shimo la maji ya maiti!"

"Ufuo huchimbwa ndani ya nyumba," nilisema. Hata saa ile nilitaka jambo liwe sahihi. "Huchimbwa chumbani, chini ya kitanda cha kuoshea."

"Ndani ya nyumba ipi? Wanawe walimwekea saruji na vigae mwaka jana. Tungechimba vigae? Tulizungushia kanga nyuma ya bafu, tukachimba pale, nikafukia kwa mkono wangu. Nikawaambia watu wote waliokuwa msibani: hapa pasiguswe mpaka arobaini ipite."

"Sikuwa msibani."

"Najua," alisema kwa upole. "Ulikuwa Korogwe." Kisha akanishika msuli. "Jana nilikuta miiba imetupwa pembeni. Nilirudisha, nikasema ni wachawi wameanza, maana maji yale huyatafuta kama dawa. Kumbe ni wewe. Mzee Sadala, yule bibi hakutaka kufa. Siku tatu za mwisho hakuomba maji wala shahada. Aliomba chakula. Alikufa anatafuna. Nilipomwosha, kinywa kilikataa kufungwa. Pamba nilizoweka puani, nikigeuka hazipo, nikiweka nyingine, hazipo. Sijamwambia mtu." Akainua tochi usoni mwangu. "Na samaki wa chambo hicho ulimpa nani?"

Nikaonyesha kidole upande wa nyumba yangu. Tukaenda, yeye akinikokota mimi au mimi nikimkokota yeye, sikumbuki.

Taa ya ndani ilikuwa inawaka. Mwaija alikuwa ameketi mkekani karibu na kigoda cha mtungi, miguu ameinyoosha, kopo langu la pili katikati ya mapaja. Alikuwa akichagua. Anamwinua mmoja kwa vidole viwili, anamwacha aning'inie, anaegemeza kichwa nyuma, anamshusha kinywani kama mtu anayekula tambi. Kisha anafunga midomo na kumvuta. Midomo ilikuwa na udongo. Shavu lilikuwa likicheza kwa ndani.

"Mwaija!" Mwanaisha alipiga kelele. "Mwaija, tema!"

Hakugeuka. Jina halikumhusu.

"Mwaija," nilisema mimi.

Hapo aliinua uso. Alinitazama muda mrefu, akatabasamu, na ncha nyeupe ikachungulia kati ya meno yake, ikarudi ndani.

"Dulazi," alisema. "Mbona umechelewa?"

Nikakunja uso. Sikukusudia; uso ulijikunja wenyewe, kwa mazoea ya miaka sabini.

Akacheka.

Yaliyofuata ni mafupi. Sheikh Semboja alisoma kwa siku saba. Mwanaisha alifukia shimo na kumwaga zege juu yake. Kopo nililichoma moto. Hakuna kilichobadilika, na ajabu ni kwamba hakuna aliyetaka kibadilike. Mke wangu amenenepa. Hospitali ya Korogwe nesi yule yule alimshika mkono na kuwaonyesha wagonjwa wengine: huyu alikuwa wa kufa. Munira humletea vitambaa vizuri. Nilipojaribu kumweleza, alilia na kuniambia, "Baba, mama amepona, kwa nini hufurahi?" Mwanaisha hapiti tena mbele ya nyumba yetu.

Anakula. Anakula mchana, anakula jioni, anakula akiwa anapika. Hunipakulia sahani yangu na kuniletea kwa mikono miwili, na kucha zake zina udongo ambao haumaliziki hata akinawa. Mimi hula mahindi ninayochoma mwenyewe. Nimelala kitanda kimoja naye mwaka na zaidi, nimegeukia ukutani, nikisikia taya lake likifanya kazi usingizini.

Ilinichukua wiki nzima kuelewa neno moja. Aliyesimama majini aliniita Abdulaziz. Herufi zote, kama alivyoniita mtu mmoja tu maishani. Na mimi nilikuwa na kisu.

Kwa hiyo kila siku, saa moja kabla ya magharibi, nakwenda Kwedinguzo na fimbo. Sifungi ndoano. Siweki chambo. Nafunga fundo tu mwisho wa mshipi, nalilowanisha kwa mate, na kulitupa kwenye nguzo ya tano. Halafu nasubiri.

Mshipi huenda upande. Mtu hulishika lile fundo. Hashiki kama samaki. Hushika kwa vidole, polepole, kama mtu anayeshika ncha ya kanga ya mwenzake asipotee sokoni. Nahesabu. Kila siku nakusudia kufika kumi nivute, na kila siku naishia tisa, kwa sababu nakumbuka lile shavu, na sijui kitakachotoka kitakuwa na uso. Naogopa kumchukia. Na kila siku uzito unapungua. Mwaka jana ulikuwa uzito wa mtu. Wakati wa masika ulikuwa kama wa ndoo moja. Wiki hii ni kama mkono mmoja, kuanzia kiwiko.

Jana nilijiambia basi. Chochote kitakachobaki, ni changu, nitakizika kwa jina lake kamili. Mshipi ukaenda upande. Nikahesabu kwa sauti, kidole hewani. Saba. Nane.

Nilipotaja tisa nilisikia majani yakikanyagwa nyuma yangu. Harufu ya kafuri ilinifika kabla yake. Sikugeuka. Alikuja akasimama karibu kabisa na bega langu, na nilisikia koo lake likimeza mate, na sauti ya kijiko kikigonga bakuli tupu.

"Vuta, Dulazi," alinong'ona. "Nina njaa."